Siku 24 kwenye Ripoti, Siku 115 kwa Mgonjwa: Kisa cha Hospitali ya Wanajeshi Wastaafu ya Phoenix

Kwa mwaka wa fedha 2013, hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Phoenix, jimboni Arizona, iliripoti kwamba mgonjwa mpya wa huduma za msingi alisubiri wastani wa siku 24 kumwona daktari. Wakaguzi wa ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa wizara inayosimamia hospitali hizo wakachukua sampuli ya wagonjwa 226 na kufuatilia kumbukumbu za kila mmoja. Wastani waliopata ni siku 115. Hospitali ilisema waliosubiri zaidi ya siku 14 ni asilimia 43. Wakaguzi wakakuta asilimia 84.

Tofauti ya siku 91 haitokani na kukosea kujumlisha. Siku hizo zilipotea mahali panapojulikana, kwenye hatua zinazojulikana za kuandika miadi, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu inahusu hatua hizo. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya mameneja waliopika takwimu ili walipwe bonasi. Bonasi zilikuwepo na zilichangia. Lakini tunaona hasara kubwa zaidi ilikuwa nyingine: hospitali iliyoficha foleni yake ilijinyima ushahidi pekee ambao ungeiwezesha kudai madaktari.

Hospitali na watu inaowahudumia

Kituo hicho kipo barabara ya Indian School na kinatoa huduma tangu 1951. Kimepewa jina la Carl T. Hayden, aliyeiwakilisha Arizona katika Bunge la Marekani tangu ilipokuwa jimbo mwaka 1912 hadi 1969, kwanza Baraza la Wawakilishi kisha Seneti. Ndicho kitovu cha mtandao wenye vituo vidogo hadi miji ya mbali kama Show Low, Payson na Globe. Ndani yake mna idara ya dharura, wodi, upasuaji, afya ya akili, magonjwa ya moyo, mfumo wa mkojo, viungo bandia, na makao ya uangalizi wa muda mrefu kwa wazee na walemavu.

Kwa msomaji asiyeujua mfumo huu: Marekani ina huduma ya afya ya serikali kwa ajili ya waliowahi kuvaa sare za jeshi, na serikali ndiyo inayomiliki hospitali na kuajiri madaktari. Idara ya kuwahudumia iliundwa mwaka 1930. Mwaka 1946, askari wa Vita vya Pili vya Dunia waliporudi kwa mamilioni, hospitali hizo zilifungamanishwa na vyuo vya udaktari ili kupata madaktari wenye ujuzi, na mwaka 1989 idara ikapandishwa kuwa wizara. Badiliko lililoandaa mazingira ya kisa chetu ni la miaka ya 1990. Chini ya Dkt. Kenneth Kizer, mfumo ulihama kutoka kulaza watu wodini kwenda kuwahudumia kliniki, kila mgonjwa akiwa na daktari wake wa huduma za msingi. Sheria ya 1996 ikapanua wigo wa wanaostahili. Matokeo ya kitabibu yalikuwa mazuri sana, hata watafiti wakautaja kuwa miongoni mwa mifumo bora nchini humo. Ila mlango mkuu wa hospitali ulikuwa umebadilika. Zamani ulikuwa kitanda, sasa ni miadi ya kwanza na daktari wa huduma za msingi. Mtu asiyepita hapo hapati rufaa ya daktari wa moyo wala wa mkojo, na hata dawa za kila mwezi zinakuwa shida.

Mlango huo una kipimo kinachojulikana. Daktari mmoja wa muda wote hupangiwa takriban wagonjwa 1,200, na hufanya kazi na watu watatu: muuguzi anayesimamia wagonjwa, muuguzi msaidizi, na karani. Idadi hiyo ikishatimia, mgonjwa mpya hana pa kuingia mpaka wa zamani aondoke au daktari mwingine aajiriwe.

Phoenix iliongezewa mzigo kutoka pande tatu kwa wakati mmoja. Waliorudi kutoka Iraki na Afghanistan walikuwa wakijiandikisha. Waliopigana Vietnam walikuwa wanazeeka, na mwaka 2010 wizara iliongeza ugonjwa wa mishipa ya moyo na Parkinson kwenye orodha ya maradhi yanayohusishwa na Agent Orange, kemikali ya kuua mimea iliyonyunyizwa Vietnam wakati wa vita, jambo lililowaleta wengi ambao hawakuwahi kuitumia huduma hii. Isitoshe, Arizona ni kimbilio la wastaafu, wakiwemo wanaohamia huko kila msimu kukwepa baridi ya kaskazini. Hao hufika kwa mkupuo, si kwa mtiririko ulio sawa mwaka mzima.

Lengo la siku 14

Katikati ya miaka ya 1990 wizara ilijiwekea lengo la kumhudumia mgonjwa ndani ya siku 30. Mwaka wa fedha 2011 lengo hilo, kwa huduma za msingi, likakatwa hadi siku 14 na kuingizwa kwenye mikataba ya utendaji ya wakurugenzi. Ukilifikia, unapata alama nzuri, na alama hizo huenda pamoja na bonasi na nyongeza ya mshahara. Mkurugenzi wa Phoenix alipewa bonasi ya zaidi ya dola 8,000, ambayo wizara iliifuta baada ya mambo kufichuka.

Idadi ya madaktari haikukatwa wala kuongezwa kulingana na lengo jipya. Hakuna aliyepiga hesabu ya nafasi ngapi kwa wiki zinahitajika ili siku 14 ziwezekane Phoenix, ambako mahitaji yanapanda, kwa kulinganisha na mji ambao idadi ya wastaafu wake inapungua. Nambari moja ikawekwa nchi nzima. Ukaguzi wa wizara yenyewe wa Juni 2014 ulikiri kwamba lengo hilo halikuwa likifikika kwa madaktari waliokuwepo. Mtu ukimpa lengo lisilofikika, ukamlipa akilifikia, na ukamwachia yeye mwenyewe kuandika tarehe ya kuanzia kuhesabu, tayari umeshaamua kitakachotokea.

Miadi inavyopaswa kuandikwa

Kwa mujibu wa mwongozo wa 2010, karani alitakiwa kuanza na swali kabla ya kutazama nafasi: ungependa kuonwa lini? Jibu la mgonjwa, au tarehe aliyoagiza daktari, ndiyo tarehe inayotakiwa, na huandikwa hivyo hivyo hata kama kliniki imejaa mwaka mzima. Baada ya hapo ndipo hutafutwa nafasi iliyo wazi. Muda wa kusubiri ni siku kati ya tarehe hizo mbili. Mgonjwa mpya ambaye hapatiwi nafasi ndani ya siku 90 huingizwa kwenye orodha rasmi ya kielektroniki ya wanaosubiri, ambayo makao makuu huiona.

Utaratibu huo ni mzuri. Kasoro yake ni kwamba kila kitu kinategemea sehemu moja ya kujaza tarehe, inayojazwa kwa mkono na karani wa ngazi ya chini ya mshahara, katika kazi ambayo watu hawadumu. Programu ya kuandikia miadi, sehemu ya mfumo wa kompyuta wa hospitali hizo uitwao VistA, ilikuwa na asili yake miaka ya 1980: skrini ya maandishi matupu, isiyoonyesha kalenda za kliniki kwa pamoja. Karani alilazimika kufungua kliniki moja, kuangalia, kutoka, kisha kufungua nyingine. Huko kutoka na kuingia ndiko kulikotoa mwanya.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili hesabu zionekane. Mstaafu anapiga simu tarehe 3 Machi akitaka kuonwa mapema iwezekanavyo. Nafasi ya kwanza iliyo wazi ni tarehe 20 Juni. Kumbukumbu ya kweli: inayotakiwa ni 3 Machi, miadi ni 20 Juni, amesubiri siku 109. Na kwa kuwa zinazidi 90, alipaswa awe pia kwenye orodha ya kielektroniki.

Njia ya kwanza ya kupoteza siku hizo ilikuwa kugeuza mpangilio wa maswali. Karani anafungua kliniki, anaona 20 Juni, anamwambia mgonjwa, “Nafasi iliyopo ni ya Juni 20, itakufaa?” Mgonjwa anakubali kwa sababu hana lingine. Karani anatoka kwenye skrini ile, anaanza upya, na kwenye sehemu ya tarehe inayotakiwa anaandika 20 Juni. Tarehe mbili zinalingana. Kompyuta inatoa sifuri. Mtu aliyengoja miezi mitatu na nusu anaingia kwenye wastani kama aliyehudumiwa siku ileile aliyotaka. Ubaya wa njia hii ni kwamba haionekani kama uongo. Mgonjwa alikubali kweli, na karani mpya aliyefundishwa hivyo na mwenzake anaweza kuifanya mwaka mzima akiamini ndio utaratibu.

Njia ya pili ilikuwa kutomwingiza kabisa. Karani anajaza taarifa za mgonjwa kwenye skrini, hazihifadhi, anachapisha ukurasa huo kwa printa, kisha anaifunga. Mfumoni hakubaki alama yoyote. Kilichobaki ni karatasi moja: jina, namba na simu. Karatasi hizo zilikusanywa zikingoja siku nafasi zikipatikana. Kwa mfano wetu, tarehe 10 Juni zamu ya mgonjwa inafika, karani anaandika ombi kana kwamba limeletwa siku hiyo, na ripoti inasoma siku 10. Lengo limefikiwa. Halafu karatasi inaharibiwa. Ikianguka nyuma ya kabati kabla ya hapo, mtu yule hayupo popote: hana miadi, hayumo kwenye orodha, na hakuna kompyuta itakayomkumbusha yeyote kwamba aliwahi kupiga simu.

Njia ya tatu haikuhitaji hila. Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza alitia alama kwenye fomu kuonyesha kwamba anataka miadi, na jina lake likaingia kwenye ripoti ya maombi ya waliojiandikisha wapya. Ripoti hiyo ilipaswa kuchapishwa na kufanyiwa kazi mara kwa mara. Huko Phoenix ripoti hiyo ilikaa bila kushughulikiwa, majina yakarundikana. Wengine walipewa rufaa ya ndani kutoka idara ya dharura, “huyu apangiwe daktari,” na rufaa ikabaki wazi bila mtu wa kuifungua. Zaidi ya hayo, miadi iliyokwisha kuandikwa ilifutiwa juu kwa tarehe mpya ili saa ianze kuhesabu upya.

Wakaguzi walipotoa ripoti ya awali tarehe 28 Mei 2014, walikuta wagonjwa wapatao 1,400 kwenye orodha rasmi. Wengine 1,700 walikuwa wakisubiri nje yake, kwenye karatasi, ripoti na rufaa hizo. Waliofichika walikuwa wengi kuliko walioonekana.

Hesabu ambayo haikupigwa

Jumlisha makundi yote mawili: watu 3,100. Gawanya kwa 1,200 kwa kila daktari. Unapata madaktari wawili na nusu hivi, tuseme watatu, kila mmoja na timu yake ya watu watatu. Hao wangetosha kuwachukua wote kama wagonjwa wa kudumu. Kuwaona kwa mara ya kwanza ni kazi nyingine, kwa sababu ziara ya kwanza ni ndefu: historia yote ya maradhi, dawa zote, vipimo vyote. Tukikadiria wagonjwa wapya wanne kwa siku kwa daktari mmoja, ni siku 775 za kazi. Madaktari watano wakipangiwa kazi hiyo peke yake, siku 155 za kazi, yaani kama miezi saba na nusu.

Hizo ni hesabu zetu na za kukadiria. Hazijumuishi waliokwisha kupangiwa daktari na bado wakasubiri. Lakini zinaonyesha ukubwa wa tatizo. Halikuwa bahari. Lilikuwa pengo la kuajiri ambalo ukurasa mmoja wa maombi, ukiambatanishwa na orodha ya kweli, ungelieleza kikamilifu. Ila ukurasa huo haungeweza kuandikwa na mtu aliyeripoti siku 24. Kila robo mwaka takwimu nzuri ilipopelekwa Washington, ilikuwa pia barua ya kusema Phoenix haina shida. Bajeti ikafuata takwimu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa waliokufa si waliofanya maficho.

Onyo zilizotangulia

Inauma kwamba kila kilichofanyika Phoenix kilikuwa kimeshaandikwa. Tangu 2005 Mkaguzi Mkuu wa wizara alikuwa ametoa ripoti 18 kuhusu muda wa kusubiri na uandikaji wa miadi, kitaifa na katika vituo mbalimbali. Aprili 2010 ofisi ya juu ya wizara ilisambaza waraka ulioorodhesha mbinu zilizokuwa zikitumiwa kupunguza siku kwenye ripoti, ikiwemo ile ya kugeuza tarehe inayotakiwa, na kuamuru zikome. Desemba 2012 ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilisema vipimo vya muda wa kusubiri haviaminiki kwa sababu makarani hawakuielewa kwa namna moja maana ya tarehe inayotakiwa.

Kwa nini waraka haukusaidia? Uliwaambia watu waache kudanganya bila kugusa kilichowafanya wadanganye. Mwaka uliofuata lengo likabanwa kutoka siku 30 hadi 14. Aliyekuwa akihangaika kuficha siku 40 sasa alikuwa na kazi kubwa zaidi ya kuficha. Na hakuna aliyepewa njia ya kukagua kutoka nje: makao makuu yalikuwa yakiangalia tarehe zilezile zilizoandikwa na wanaopimwa.

Aliyepasua jipu ni Dkt. Sam Foote, daktari wa hospitali hiyohiyo, aliyemwandikia Mkaguzi Mkuu mwaka 2013, akastaafu mwishoni mwa mwaka huo, kisha akapeleka habari kwa wabunge na waandishi. Tarehe 9 Aprili 2014 suala lilitajwa kwenye kikao cha kamati ya Bunge, na tarehe 23 kituo cha televisheni cha CNN kikarusha habari kwamba wagonjwa wasiopungua 40 walikufa wakisubiri. Waziri Eric Shinseki, jenerali mstaafu aliyejeruhiwa vibaya Vietnam, alijiuzulu tarehe 30 Mei.

Swali la waliokufa

Hapa ndipo kisa husimuliwa ovyo kwa pande zote mbili, hivyo tuende taratibu.

Ripoti ya mwisho ya Mkaguzi Mkuu, ya tarehe 26 Agosti 2014, ilipitia kumbukumbu za wagonjwa 3,409 na kueleza kwa undani visa 45 vyenye kasoro. Katika 28, kulikuwa na ucheleweshaji wenye athari ya kitabibu, na wagonjwa sita kati yao walikuwa wamefariki. Katika 17, huduma ilikuwa chini ya kiwango kwa sababu zisizohusiana na foleni, na waliofariki walikuwa 14. Wakaguzi walisema hawawezi kuthibitisha bila shaka kwamba kukosa huduma kwa wakati ndiko kulikosababisha vifo.

Sentensi hiyo ilipokelewa na baadhi ya watu kama kuisafisha hospitali. Sivyo. Kuthibitisha kwamba mtu asingekufa lau angeonwa wiki nane mapema ni jambo ambalo daktari makini hulisema kwa nadra sana, hasa kama mgonjwa ana saratani iliyokwisha kuenea au moyo uliochoka. Kipimo cha “kusababisha kifo” ni kikali kuliko kipimo cha “alistahili kuonwa na hakuonwa.” Visa 28 vinajibu swali la pili bila utata.

Kisa kimoja kilichosimuliwa na familia ya marehemu kinaonyesha mambo yalivyokuwa. Mwanajeshi wa zamani wa majini alifika idara ya dharura akikojoa damu. Akachunguzwa, ikaandikwa kwamba suala lake ni la haraka, akarudishwa nyumbani kusubiri kupangiwa daktari. Familia ikapiga simu mara kwa mara na kuambiwa wapo wengi wenye hali kama hiyo. Alifariki kwa saratani ya kibofu. Siku chache baadaye hospitali ikapiga simu kusema miadi imepatikana. Damu kwenye mkojo wa mwanamume mzee ni dalili ambayo daktari yeyote wa mkojo huitilia shaka ya saratani mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kliniki ya mkojo ya Phoenix ilikuwa imepungukiwa sana madaktari mwaka 2013. Wagonjwa wake walipelekwa kwa madaktari wa nje, na majibu ya huko mara nyingi hayakurudi kwenye majalada yao.

Kuhusu adhabu, hatutakaa sana. Mkurugenzi alifukuzwa Novemba 2014. Alipokata rufaa, jaji wa utumishi aliunga mkono kufukuzwa kwake kwa sababu ya zawadi alizopokea bila kuzitangaza, si kwa sababu ya foleni. Shtaka la foleni halikuthibitishwa kwa kiwango kilichotakiwa. Uongo uliogawanywa vipande vidogo kati ya makarani, wasimamizi na fomu ni vigumu kumbandika mtu mmoja.

Phoenix haikuwa peke yake

Ukaguzi wa kitaifa uliotangazwa tarehe 9 Juni 2014 ulipita vituo 731 na kuwahoji wafanyakazi 3,772. Asilimia 13 ya waandikaji miadi walisema waliwahi kuelekezwa kuandika tarehe tofauti na aliyoitaka mgonjwa. Wagonjwa wapya 57,436 walikuwa wamesubiri siku 90 au zaidi. Wengine 63,869 waliojiandikisha katika miaka kumi iliyotangulia waliomba miadi na hawakuwahi kuipata. Kaimu Waziri Sloan Gibson aliondoa lengo la siku 14 kwenye mikataba ya utendaji, hatua ambayo kwa maoni yetu ndiyo iliyokuwa na maana zaidi ya zote za mwaka ule, ingawa haikupewa uzito kwenye magazeti.

Bunge likapitisha sheria iliyotiwa saini tarehe 7 Agosti 2014, yenye takriban dola bilioni 16.3: bilioni 10 za kulipia matibabu kwa madaktari wa nje, na bilioni 5 za kuajiri na kuongeza nafasi ndani. Mstaafu aliyekaa zaidi ya maili 40 kutoka kituo, au aliyeambiwa atasubiri zaidi ya siku 30, aliruhusiwa kwenda nje. Wizara ilipewa siku 90 tu kuanzisha mpango mzima, na haraka hiyo ililipiwa. Maili 40 zilipimwa kwa mstari ulionyooka angani. Mtu wa upande wa pili wa bonde au mlima aliyeendesha gari maili 60 akaonekana yuko karibu. Mpaka masika ya 2015 ndipo kipimo kikahamishiwa kwenye umbali wa barabara. Simu za mgonjwa zilipitia kampuni za kati, ambazo zilimtafuta daktari, na malipo kwa madaktari yalichelewa hata baadhi wakajitoa. Sheria ya Juni 2018, iliyoanza kutumika Juni 2019, ikaweka vigezo vipya: dakika 30 za kuendesha gari au siku 20 za kusubiri kwa huduma za msingi na afya ya akili, dakika 60 au siku 28 kwa madaktari bingwa.

Foleni ilipohamia

Oktoba 2016 Mkaguzi Mkuu alirudi na ripoti nyingine kuhusu Phoenix. Safari hii tatizo halikuwa miadi ya kwanza bali rufaa za madaktari bingwa. Kufikia tarehe 12 Agosti 2015, wagonjwa zaidi ya 22,000 walikuwa na rufaa 34,769 zilizokuwa wazi. Wagonjwa 215 walifariki wakiwa na rufaa ambayo haijafungwa, na kwa mmoja wao wakaguzi walisema kucheleweshwa kwa uchunguzi wa moyo huenda kulichangia kifo chake. Rufaa nyingine zilifungwa isivyostahili, kwa sababu wafanyakazi hawakuwa wazi juu ya nani anaruhusiwa kuifunga na kwa masharti gani.

Jambo hilo linatarajiwa. Ukipanua mlango wa mbele bila kupanua vyumba vya ndani, msongamano unasogea hatua moja. Daktari mpya wa huduma za msingi anayeona wagonjwa wapya 1,200 waliokaa bila huduma huandika rufaa nyingi kuliko mwenye wagonjwa wa siku zote, kwa sababu anawakuta na maradhi yaliyosubiri. Kila ajira ya huduma za msingi ilipaswa kwenda na makadirio ya rufaa zitakazozalishwa kwa moyo, mkojo, macho na afya ya akili.

Anayekagua foleni ya hospitali yoyote ya aina hii ana njia za kuanzia zisizotegemea neno la mkuu wa kituo. Ya kwanza ni kuhesabu ni miadi mingapi inayoonyesha siku sifuri za kusubiri. Kliniki iliyojaa inayotoa sifuri kwa wingi inageuza tarehe. Wagonjwa halisi hutaka tarehe tofauti na zilizopo. Ya pili ni kulinganisha siku mgonjwa alipojiandikisha, ambayo huandikwa na ofisi nyingine kabisa, na siku ombi lake la miadi lilipoingizwa mfumoni. Pengo la wiki kadhaa linalorudiwa kwa watu wengi maana yake wamewekwa mahali pengine katikati. Ya tatu ni kuchukua kumbukumbu za simu za kituo na kutafuta namba zilizopiga mara nyingi bila kuwa na miadi.

Ya nne ndiyo ngumu zaidi kuichezea. Kila asubuhi, saa ileile, fungua kalenda ya kila daktari na uandike tarehe ya nafasi ya tatu iliyo wazi. Ya kwanza na ya pili huachwa, kwa kuwa zinaweza kuwa zimetokana na mtu aliyeghairi jana. Hesabu siku kutoka leo hadi nafasi hiyo ya tatu. Hakuna karani anayeulizwa kitu, hakuna tarehe ya mgonjwa inayojazwa, na ikiwa kalenda inasema siku 109 huku ripoti ya mwezi ikisema siku 10, muulize karani ni wapi anaweka karatasi zinazotoka kwenye printa.